Kilo ya Yosefina

Mimi ni mtu wa hasira, na sitaki mtu aniambie pole kabla sijamaliza kusema. Naitwa Apolinari. Hapa Kibaoni, Ifakara, wananiita Fundi tu. Ukiwauliza vijana wa bodaboda fundi wa cherehani, wa kufuli, wa mizani, au wa bunduki zenye leseni yuko wapi, watakuleta kibanda kimoja, changu. Bunduki nilijifunza nilipokuwa kambi ya jeshi ya Chita, enzi za ujana, na kibali cha kuzitengeneza nilikitia kwenye fremu ya kioo nikakitundika ukutani. Sasa pale ukutani pamebaki msumari.

Konsolata ni mtoto wangu wa ubatizo. Baba yake, Sylvanus, tulikuwa naye Chita, tukilala kitanda cha juu na cha chini. Siku binti yake anabatizwa mimi ndiye niliyeshika mshumaa. Sylvanus alipofariki, nilisimama mbele ya jeneza nikasema huyu mtoto hatakosa baba. Maneno ya msibani ni mepesi mdomoni. Lakini yule mtoto aliyaamini, na leo ana miaka ishirini na saba bado ananiita Baba, na akipokea mshahara ananiletea sukari.

Ni mlinzi kwenye hoteli moja ya watalii kule Mang'ula, na huko ndiko alikojifunza bastola. Wana klabu yao ya shabaha. Wanakutana Jumamosi kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa: mameneja, wawindaji wastaafu, wanaume wenye vitambi na miwani ya njano, na Konsolata katikati yao, mwembamba, na buti zake za kazini. Wanaume walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wakaacha kucheka. Mwaka huu klabu ilikuwa ichague mtu mmoja wa kwenda Arusha kwenye mashindano makubwa, na kila mtu alijua nafasi ile ni ya nani kama tu bastola yake isingemwangusha.

Maana triga yake ilikuwa nzito kama mlango wa ghala. Unavuta, unavuta, mpaka mkono unaanza kutetemeka ndipo inaachia. Akadunduliza mwaka mzima, akaagiza triga ya mashindano kutoka nje, ikaja kwa basi imefungwa kwenye kiboksi kidogo cha kadibodi. Akanijia nayo anacheka peke yake.

"Shikamoo Baba. Nimekuletea kazi ya kitaalamu, siyo hizo kufuli zako za choo."

"Marahaba. Wee, hizo kufuli za choo ndizo zilizokununulia viatu vya kipaimara," nikamwambia.

Kuifunga haikunichukua hata saa mbili. Ni kitu kizuri, lazima niseme, chuma kimelainishwa mpaka kinateleza kidoleni, na pembeni kuna skrubu ndogo yenye ufunguo wake wa kuongeza na kupunguza uzito. Kazi ilikuwa kwenye kupima. Sheria ya klabu ni kwamba triga isiwe nyepesi kuliko kilo moja. Wanaining'inizia jiwe la mizani la kilo, wanainua bastola ikiwa tupu. Jiwe likinyanyuka na triga isiachie, umepita. Ikiachia, umetolewa.

Sasa mimi nina vipimo vya kila namna, lakini jiwe la kilo sina. Nikapiga kelele uani, mke wangu alikokuwa anapepeta mchele:

"Mama Eveline! Hebu nipe hiyo kilo yako!"

Hapo inabidi niwaeleze kuhusu Yosefina. Mke wangu anauza mchele hapo mbele ya nyumba, kwa mizani ya mikono miwili aliyoachiwa na mama yake. Wengine wamehamia mizani ya umeme, yeye hataki. Watu wanatoka mpaka ng'ambo ya mji kuja kununua kwake, wakipita wauzaji kumi njiani. Kanisani ndiye anayehesabu sadaka ya kina mama. Yosefina akipima, anasubiri mkono wa mizani utulie kabisa, halafu anaongeza chembe mbili tatu kwa vidole, anasema, "Isije ikawa nimekuibia."

Akaniletea jiwe, amelifuta kwa kanga. Nikaning'iniza, nikakaza skrubu, nikalegeza, nikakaza, mpaka nikafika pale ambapo jiwe linanyanyuka kwa shida, limeshikiliwa na pumzi tu.

"Baba, tusiiache juu ya kilo kidogo?" Konsolata akauliza. "Kwa usalama."

"Usalama wa nini? Unataka kwenda Arusha na triga ya woga? Hii ni kilo. Kilo ni kilo."

Akacheka, nikampa ufunguo wa ile skrubu auweke pamoja na bastola, akaondoka.

Siku ya mashindano ya klabu nilivaa shati langu la Pasaka. Alipiga, jamani! Sijui niwaeleze vipi. Wale wenye vitambi walikuwa wanavua miwani na kufuta, wanavaa tena. Karatasi yake ilikuwa na tundu moja kubwa katikati, kama imetafunwa na panya. Nilizunguka pale kifua mbele, namwambia kila mtu, hata wasioniuliza, kwamba triga ile nimefunga mimi.

Halafu jaji akawaita watatu wa kwanza kwa ajili ya kupima. Jaji ni Mzee Hermenegildi, mwalimu mstaafu, mtu mkavu asiyejua utani. Akaning'iniza jiwe lake la kilo kwenye triga ya Konsolata. Akainua. Tak! Triga ikaachia, jiwe halikutoka hata mezani. Mara ya pili, tak. Mara ya tatu, tak.

Watu wakasogea karibu na meza.

"Haiwezekani," Konsolata akasema. "Fundi alipima mbele yangu. Nimeona kwa macho yangu."

Wote wakanigeukia. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Wakati huo nilikuwa bado sijajua kitu, naapa. Nilichojua ni kwamba watu wananitazama kama fundi wa kubahatisha, mimi, na shati langu la Pasaka. Hasira ikanipanda mpaka masikio yakaungua. Nikasema, tena kwa sauti ya kusikika:

"Kwangu imetoka ikiwa kilo kamili. Ufunguo wa kupunguza anao mwenyewe."

Konsolata akanitazama. 

"Nipeni hilo jiwe niwaonyeshe!" Bado nilikuwa nabwata. Nikalinyakua jiwe la Mzee Hermenegildi pale mezani, na mkono wangu ukajua kabla sijajua mimi. Lilikuwa zito. Lile la nyumbani nililishika juzi tu, kiganja kilikuwa bado kinalikumbuka, na hili lilikuwa zito kuliko lile.

Yesu na Maria! Nikakumbuka.

Miaka minane nyuma mto ulifurika ukala mashamba ya mpunga bondeni kote. Mchele ukapanda. Yosefina alikuwa anaununua mbali na kuuuza kwa bei ileile, eti majirani watakula nini. Nikaona biashara inakufa mbele ya macho yangu. Siku moja yuko kanisani, nikaligeuza lile jiwe. Chini yake kuna shimo lililojazwa madini mazito, ndiyo yanayolifikisha kilo. Nikayachimbua, nikazibia nta, nikapaka masizi. Yale madini nikampa binamu yangu mvuvi, akayatumia kuzamishia nyavu zake. Yosefina sikumwambia. Angenitupia jiwe lenyewe kichwani.

Nilijiambia ni msimu mmoja tu, kisha nitarudisha. Msimu ukapita. Sisemi nilisahau, maana nitakuwa nadanganya tena, niliacha kulifikiria. Jiwe lile nyumbani tuliliita kilo, wateja waliliita kilo, na mimi nikaliita kilo mpaka likawa kilo kichwani mwangu. Siku Konsolata ananijia na triga yake, sikuwaza hata kidogo. Nililidanganya soko miaka minane, na mwisho wake nikadanganyika mwenyewe.

Basi nimeshika jiwe la watu mkononi, yote haya yananipita kichwani, na wote wananisubiri. Nikalirudisha mezani taratibu.

"Sawa," nikasema. "Hili ni kilo."

Nikaufyata. Mtoto wa Sylvanus anaitwa mwizi mbele yangu, na mimi nikaufyata.

Wakamwandikia kwamba amechezea triga baada ya kupimwa. Kamati ingekaa Jumamosi inayofuata. Ikithibitika, anafungiwa miaka miwili, Arusha haendi, na jina lake linapelekwa kwa mwajiri wake, maana hoteli gani itamwachia silaha mtu mdanganyifu wa silaha?

Jumanne akaja nyumbani. Hakukaa. Alisimama mlangoni pa kibanda, amevaa sare ya kazi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja. Mimi skrubu sikuigusa. Wewe unaniamini?"

Hebu fikirieni. Hakuja kunilaumu. Hakuuliza kwa nini nilimtaja kuhusu ufunguo. Anachotaka ni kujua kama namwamini, na mimi ndiye mtu pekee duniani, ukimtoa yeye, ninayejua, siyo kuamini, ninayejua kabisa kwamba hakuigusa.

"Pengine ililegea yenyewe barabarani," nikasema. "Ile barabara ina makorongo."

Akatikisa kichwa taratibu. "Haya, Baba." Akaondoka. Sukari aliyokuwa ameileta aliiacha juu ya cherehani. Nilitaka kuitupa, nikaona hata kuitupa sistahili.

Yosefina alikuwa amesikia kila kitu kutoka uani. Aliingia na ungo mkononi, macho yamemtoka.

"Baba Eveline, wewe ni mwanaume wa namna gani? Mtoto anaumia na wewe unamwambia habari za makorongo?"

"Unataka nifanye nini?"

"Sisi tulipima na jiwe langu! Hao kamati hawajui kama tulipima na jiwe la kweli au na tofali. Basi Jumamosi nakwenda Mang'ula na jiwe langu. Nitawaambia, hili hapa, lipimeni, nimewauzia watu wa Ifakara mchele kwa jiwe hili miaka ishirini, halijamdanganya mtu. Wakiona ni kilo, watajua fundi hakukosea na mtoto hakudanganya, na hiyo triga yao ya Ulaya ndiyo mbovu."

"Achana nao," nikasema. "Wale wakubwa hawatakusikiliza."

"Watanisikiliza."

Jumatano sikusema. Alhamisi nilianza, nikasema, "Mama Eveline, lile jiwe," akasema, "Nini?" nikasema, "Lina kutu." Akalisugua kwa majivu mpaka likang'ara. Ijumaa nilikwenda kanisani nikapanga foleni ya kitubio, na walipobaki watu wawili mbele yangu nikakumbuka kazi ya mtu kibandani. Hakukuwa na kazi yoyote.

Jumamosi asubuhi tukapanda pikipiki yangu. Yosefina amevaa kitenge cha sikukuu, jiwe amelifunga kwenye kitambaa cheupe, amelipakata. Nyuma yangu nilikuwa nalisikia kila tukipita kwenye tuta, linanigonga mgongoni. Tulipofika kijiji cha Kiberege nikasimama, nikajisemea hapa ndipo, sema sasa, sema. Nikageuka. Akatabasamu.

"Umechoka?" akauliza.

"Naangalia mafuta," nikasema.

Kamati ilikuwa kwenye banda la bati pale machimboni, watu wazima watano nyuma ya meza ndefu, Mzee Hermenegildi katikati. Konsolata alikaa kwenye benchi upande mmoja, mikono amebana katikati ya magoti. Bastola ilikuwa mezani, na pembeni yake mizani ndogo ya umeme. Wakasoma shitaka. Wakamuuliza kama ana la kusema. Akasema, "Sikuigusa," basi.

Yosefina akanyanyuka bila kuitwa. Alisalimia shikamoo kwa wote, akafungua kitambaa chake cheupe mbele yao kama anafunua chakula cha wageni.

"Waheshimiwa, mimi ni mke wa fundi. Triga ilipimwa kwa jiwe hili. Ni la mama yangu. Naomba mlipime, maana huyu mtoto simjui kwa udanganyifu, na jiwe langu nalo silijui kwa udanganyifu."

Mzee Hermenegildi akaitikia kwa kichwa. "Ni haki. Liweke hapo, mama."

Yosefina akanyoosha mkono, na ndipo niliposikia sauti yangu. Haikuwa na hasira, sijui ilitoka wapi.

"Mama Eveline, usiliweke."

Akasimama, jiwe mkononi. "Kwa nini?"

"Siyo kilo. Nililitoboa mimi, mwaka ule wa mafuriko. Wewe hukujua. Konsolata hakugusa kitu, wazee. Mtoto ni safi. Mimi ndiye niliyempimia kwa jiwe bovu, na nililijua tangu siku ile ile nilipolishika jiwe lenu, nikanyamaza."

Nilidhani Yosefina atanipiga, na nilitamani anipige. Badala yake aligeuza jiwe, akachokoa chini kwa ukucha wa kidole gumba. Nta ikatoka. Akaitazama. Kisha akaliweka jiwe kwenye mizani yeye mwenyewe, akainama, akasoma namba kwa sauti, taratibu, kama mtoto wa darasa la pili:

"Gramu mia nane na sabini."

Konsolata alisafishwa palepale. Mzee Hermenegildi alimpa mkono, akamwambia ajiandae na Arusha, skrubu ikazwe kwa jiwe la klabu. Mimi kibali changu cha bunduki niliwaambia mwenyewe nitakitundua niwaletee, kabla hawajaniomba. Konsolata alikuwa analia, na alipomaliza kushikana mikono na wazee alikwenda moja kwa moja kwa Yosefina, wakakumbatiana muda mrefu. Nilisimama karibu yao kama mzigo uliosahauliwa stendi. Aliponipita, alisema, "Asante kwa kusema, Fundi." Hakusema Baba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hilo sikujiandaa nalo.

Njiani Yosefina hakunishika kiuno. Alishika keria ya nyuma, kutoka Mang'ula mpaka Kibaoni. Alipoingia ndani tu akasema:

"Kesho baada ya misa unakaa na mimi mezani. Kila anayekuja, unamwambia wewe. Siyo mimi. Wewe."

Jumapili nikakaa. Jiwe alilipindua mezani, shimo juu, na pembeni ameazima kilo ya jirani. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Febronia, mjane, mzee wa miaka sabini na ushee, ananunua kilo moja kila Jumapili tangu enzi za mama mkwe wangu. Nikamwamkia. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nakatisha, narudia, jasho linanitiririka, lakini nilieleza yote, na mwisho nikamwambia kwamba mke wangu hakujua.

Mama Febronia alisikiliza huku anakunja mfuko wake wa plastiki.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?" Yosefina akauliza.

"Kwamba kilo imepungua. Mimi mchele wangu naupima tena nyumbani kwa kikombe, ndivyo ninavyojua nitakula siku ngapi. Ilikuwa vikombe vitano. Mwaka ule wa mafuriko ikawa vinne na nusu hivi. Hata kina mama wenzangu wa jumuiya waliona. Tulizungumza."

"Na hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje, mwanangu?" Akamshika Yosefina mkono. "Tulisema, Yosefina ana watoto, mwaka ni mbaya, ameshindwa. Tukakubaliana tumwache, tusimwaibishe, na tuendelee kununua kwake. Tulikuombea. Kila Ijumaa tulikuombea uache kuiba."

Yosefina alikaa juu ya gunia. Miaka minane anahesabu sadaka yao, na wao wanamtazama na kumsamehe kitu asichokifanya. Kisha akachukua kopo, akalichovya kwenye mchele, akanipa mimi.

"Mpimie," akasema.

Nikapima kwa kilo ya jirani. Mizani haikutaka kutulia, na Mama Febronia alisubiri.